Mizani ya Pamba, Mizani ya Kemia

Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi, Bariadi



Mmeniomba nizungumzie namna ya kusoma milinganyo ya kemia kwa ajili ya mtihani wa taifa. Wanafunzi huiita ikwesheni, na kuisawazisha wanasema kubalansi. Nimefundisha somo hili miaka mingi katika Kanda ya Ziwa, na jambo moja nimeliona likijirudia: mwanafunzi anayeanguka kemia mara nyingi huwa ameanguka kwenye mlinganyo, kabla hajafika kwenye hesabu wala maelezo. Huanguka kwa sababu aliukariri kama mtu anavyokariri namba ya simu ya mtu asiyemjua. Tarakimu moja ikimtoka, hana pa kuitafuta.

Niruhusuni nianzie kwenye ghala la pamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 hapakuwa na mkoa unaoitwa Simiyu. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikaletwa kutoka Mwanza. Wakati ule wote tulikuwa ndani ya Jimbo la Ziwa, na pamba ilikuwa ndiyo fedha ya Usukuma kama ilivyo leo. Mkulima alilima, akapalilia, akavuna, akatenganisha pamba safi na ile duni iitwayo fifi, akabeba mzigo hadi kwa mnunuzi. Mzigo ulipotundikwa kwenye mizani, jasho la mwaka mzima liliingia mikononi mwa mtu mmoja aliyesoma namba na kuitamka. Wakulima wengi hawakuweza kuisoma mizani ile, na waliamini kwamba wanapunjwa. Wakatafuta dawa ya akili: waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kusoma na kuhesabu, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kuhakiki kila mzigo. Kutokana na harakati ile ya wapimaji vikakua vyama vya wakulima, kiongozi wao akiwa Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika lililobeba jina la ziwa letu, Victoria. Baada ya Uhuru, Bomani alikuwa Waziri wa Fedha wa nchi hii.

Historia hii naileta kwa sababu mlinganyo wa kemia ni mizani ya namna ile ile. Anayeusawazisha anafanya kazi ya yule mpimaji wa wakulima. Anasimama kando na kuuliza: hiki kilichoingia, chote kimetoka? Kama hakikutoka, kimekwenda wapi, na nani anasema uongo?

Mtoto wa Bariadi ameliona jambo hili kiwandani hata kama hajawahi kuingia maabara. Kilo 100 za pamba mbegu zikiingia kwenye kinu cha kuchambulia, hazitoki kilo 100 za nyuzi. Nyuzi ni karibu theluthi moja. Sehemu kubwa inayobaki ni mbegu, zinazokwenda kukamuliwa mafuta na kuacha mashudu, na kidogo ni takataka na vumbi. Ukijumlisha nyuzi, mbegu, takataka na vumbi lililopeperuka, unarudi kwenye kilo 100. Anayetazama marobota ya nyuzi peke yake atadhani uzito umepotea. Haukupotea, umegawanyika, na sehemu nyingine hakuipima.

Mfaransa Antoine Lavoisier alijenga kemia ya kisasa juu ya swali hilo hilo. Alipima vyombo, akavifunga, akaunguza kilichomo ndani, akapima tena. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alieleza uchachukaji wa maji ya zabibu kwa kuandika maji ya zabibu upande mmoja, gesi na kileo upande wa pili, na katikati alama ya sawasawa. Wazee waliopo hapa hawahitaji zabibu kulielewa hilo, maana wanaijua wanzuki, pombe ya asali. Asali ikichanganywa na maji na chachu, povu linapanda usiku kucha. Sukari ya asali ikichachuka, tunaiandika hivi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Hesabuni uzito wake. Gramu 180 za sukari zinatoa gramu 92 za kileo na gramu 88 za gesi. Karibu nusu ya uzito wa sukari hupaa hewani kupitia lile povu. Mwanafunzi akiutazama mlinganyo huu akaona povu la wanzuki, hatausahau. Akiona herufi na tarakimu tupu, utadumu hadi Ijumaa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusawazisha mlinganyo ambao fomula zake ni mbovu. Mwanafunzi anaandika kwamba haidrojeni na oksijeni hutoa maji. Anahesabu, anaona oksijeni ni mbili kushoto na moja kulia. Badala ya kuweka namba mbele ya fomula, anaingiza tarakimu ndogo ndani yake. H₂O inakuwa H₂O₂. Hesabu yake imelingana, naye anaendelea kwa amani. Lakini hakuandika tena maji. Ameandika haidrojeni peroksaidi, ile dawa inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda na inayotumika kufifisha rangi ya nywele. Huyu ni sawa na mnunuzi anayechezea jiwe la mizani: namba zinalingana na mzigo umebadilishwa. Kitu kilichomo ndani ya fomula kimewekwa na maumbile, nasi hatuna ruhusa ya kukigusa. Ruhusa tuliyo nayo ni ya kusema ni vingapi, na hiyo huandikwa mbele:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Kwa hiyo kabla ya kufikiria kubalansi, fomula zijulikane. Hapa ndipo kukariri kuna nafasi yake ya haki, na sitawadanganya kwamba mnaweza kukwepa. Valensi za elementi zinazotumika sana na chaji za makundi kama salfeti, naitreti, kaboneti, fosfeti na amoniamu lazima zikae kichwani kama majina ya ndugu zenu. Si nyingi. Mwanafunzi akishika tano kwa siku, wiki mbili zinatosha na kubaki. Akizijua hizo, alumini yenye 3 na oksijeni yenye 2 zitamfikisha zenyewe kwenye Al₂O₃, bila kitabu wala pamfleti.

Na alama zisiwatishe kwa kuwa hazifanani na majina. Fe, Au, Ag, Cu, Pb na Hg zimetoka Kilatini, na vitu vyenyewe vina majina ya Kiswahili mliyoyajua kabla ya kwenda shule: chuma, dhahabu, fedha, shaba, risasi, zebaki. Alama ya sodiamu ni Na, kutokana na neno lile lile lililolipa jina Ziwa Natron, huko kaskazini ya nchi yetu, ambako magadi yametanda juu ya maji. Siku nyingine ukipata taabu kukumbuka Na, kumbuka ziwa lile.

Fomula zikishakuwa sahihi, kusawazisha ni kazi ya subira. Chukueni gesi ya mtungi, ambayo sasa imeingia katika nyumba nyingi za mjini. Ndani yake kuna propani, C₃H₈. Inaungua na oksijeni ya hewani, inatoa kaboni dioksaidi na mvuke wa maji. Anza na kaboni: kushoto ziko tatu, basi kulia ziwe 3CO₂. Nenda kwenye haidrojeni: nane kushoto, kila molekuli ya maji inachukua mbili, basi 4H₂O. Oksijeni iache iwe ya mwisho, kwa sababu inasimama peke yake na kuibadili hakumsumbui mwingine. Kulia zimekuwa sita na nne, jumla kumi. Kushoto zinakuja mbili mbili, basi tano.

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Usiweke kalamu chini bado. Mpimaji wetu wa pamba hakuondoka kabla ya kuhakiki. Gramu 44 na 160 zimeingia, 204. Gramu 132 na 72 zimetoka, 204. Hapo ndipo unapumua.

Jambo moja juu ya mkaa, na hili liwaguse wazazi pia. Mkaa unaoungua kwa hewa ya kutosha huandikwa C + O₂ → CO₂. Hewa ikiwa haba, mkaa ule ule huandikwa hivi:

2C + O₂ → 2CO

Tazameni tofauti. Kwa hesabu ya mlinganyo wa kwanza, kilo 12 za kaboni zinahitaji kilo 32 za oksijeni. Kwa huu wa pili zinatosheka na kilo 16. Chumba kilichofungwa madirisha, jiko la mkaa likiwa ndani, watoto wamelala, hakina zile kilo nyingine. Kinachotoka ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoishika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Watu hulala wasiamke. Kijana anayejua kusawazisha milinganyo hii miwili na asiseme neno nyumbani jiko linapoingizwa chumbani, huyo bado hajaisoma kemia hata akipata A.

Nije kwenye chaki, maana ni kitu kilicho mkononi mwa kila mwalimu, na wilaya ya Maswa imewahi kujulikana nchini kwa vijana wake walioanza kuitengeneza. Wanafunzi wengi wakiulizwa chaki ni nini huandika kalsiamu kaboneti, CaCO₃, kwa kuwa kitabu kinasema hivyo. Kitabu kinazungumzia mwamba wa chaki unaochimbwa ardhini. Chaki ya kuandikia ubaoni iliyotengenezwa kwa jasi ni kitu kingine: ni kalsiamu salfeti iliyoshika maji. Jasi huchimbwa hapa nchini, Itigi mkoani Singida na Makanya mkoani Kilimanjaro. Ikipashwa moto kiasi, inaachia sehemu ya maji yake na kuwa unga mweupe wa plasta:

2(CaSO₄·2H₂O) → 2(CaSO₄·½H₂O) + 3H₂O

Kilo 344 za jasi zinabaki kilo 290 za plasta, na kilo 54 zinaondoka kama mvuke. Unga huo ukikorogwa na maji na kumiminwa kwenye kalibu, mlinganyo unarudi nyuma. Plasta inayanywa tena maji yale, inapata joto kidogo, inakakamaa, na chaki inatoka. Kwa hiyo kiwanda kizima cha chaki ni mlinganyo mmoja uliosomwa kwenda na kurudi. Sijui mfano ulio bora zaidi kwa mwanafunzi wa mkoa huu anayejifunza mimenyuko inayorudi nyuma.

Jaribuni hili nyumbani kesho, halihitaji maabara. Chukua kipande cha ganda la yai, kipande cha chaki ya jasi, na udongo wa aina mbili, kila kimoja kwenye kifuniko cha chupa. Dondoshea siki. Ganda la yai litatoa viputo, kwa sababu ni kalsiamu kaboneti na asidi inaifukuza gesi iliyomo ndani. Chaki ya jasi itanyamaza. Udongo wa luseni, ule mchanga wa miinuko, nao utanyamaza. Lakini ule tunaouita ibushi unaweza kuchemka kidogo, kwa kuwa una chokaa ndani. Wasukuma walitenga luseni, ibushi, itogolo na mbuga na kujua kila mmoja unafaa zao gani. Maabara hufanya jaribio hilo hilo kwa asidi ya haidrokloriki:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Mwanafunzi aliyekwisha kuona viputo vya ibushi akikutana na mlinganyo huu hana haja ya kuuliza kwa nini kuna CO₂ upande wa kulia. Aliiona ikitoka.

Nimefika kwenye prakitiko, yaani mazoezi ya maabara, na hapa nasema kwa uchungu. Niliwahi kufundisha katika shule moja, sitaitaja, ambako kwa miaka miwili tulifundisha taitresheni kwa kuchora ubaoni bureti, lile bomba lenye alama za kupimia ujazo. Vifaa vililetwa siku chache kabla ya mtihani. Siku yenyewe, msichana mmoja hodari, aliyeongoza darasa, alisoma bureti kama mtu anavyosoma rula, kutoka chini kwenda juu. Bureti ina sifuri juu. Kila namba aliyoandika ilikuwa kinyume, na hesabu zote zilizofuata zikaharibika ingawa kanuni alizijua zote. Alikuja kuniuliza baadaye alikosea wapi. Nilimwonyesha, akanyamaza. Kosa lile lilikuwa letu sisi watu wazima. Mwaka uliofuata nilinunua bureti mbili kwa fedha yangu na kuziweka darasani muda wote, hata tukazijaza maji matupu, ili kila mtoto ashike na asome hadi zoezi lile liwe la kawaida kama kufunga kamba za viatu. Walimu wenzangu, bureti mbili na maji ya kisima vinaweza kumtoa mtoto katika balaa lile.

Hata bureti ikisomwa vizuri, mlinganyo ndio unaoamua. Moja ya taitresheni zinazozoeleka sana ni ile ya sodiamu kaboneti na asidi ya haidrokloriki:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Chukua sentimita za ujazo 25 za kaboneti yenye 0.05 M. Ndani yake kuna moli 0.00125. Ikiwa umetumia sentimita za ujazo 25 za asidi, ukali wa asidi ni ngapi? Ile 2 iliyo mbele ya HCl inakuambia moli za asidi ni mara mbili, yaani 0.0025, na jibu ni 0.1 M. Aliyesahau kusawazisha anapata 0.05 M, nusu kamili ya ukweli, na kila jibu linalofuata analirithisha kosa hilo: gramu kwa lita, asilimia ya usafi, idadi ya molekuli za maji ndani ya fuwele. Namba moja ndogo mbele ya fomula, na ukurasa mzima unaporomoka. Ndiyo maana mimi humwambia mwanafunzi akiwa na dakika tano tu za kuhakiki karatasi yake, azitumie kurudi kwenye milinganyo, si kwenye maelezo.

Ninyi wa kidato cha sita, mzigo wenu una mizani mbili. Atomu zilingane, na chaji zilingane pia. Wengi hupima ya kwanza na kuiacha ya pili. Angalieni pamanganeti na ayoni za chuma:

MnO₄⁻ + 5Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O

Kushoto: moja hasi, kumi chanya, nane chanya, jumla kumi na saba chanya. Kulia: mbili na kumi na tano, kumi na saba. Ile 5 imetoka wapi? Ni hesabu ya mkopo. Manganizi inapokea elektroni tano. Kila ayoni ya chuma ina elektroni moja ya kutoa. Basi wanahitajika wakopeshaji watano. Ukiandika nusu mbili za mlinganyo kando kando, mtoaji na mpokeaji, kisha ukazidisha hadi elektroni zilizotolewa zilingane na zilizopokewa, huna sababu ya kukariri mlinganyo huo wala ndugu zake. Nimewahi kuona daftari la mwanafunzi lenye kurasa kumi na moja za milinganyo ya namna hii iliyonakiliwa. Kurasa mbili za nusu-milinganyo zingemtosha, na angejenga nyingine yoyote ambayo mtungaji wa mtihani angemletea.

Kanda yetu hii ni ya dhahabu, na baadhi yenu mna kaka na baba kwenye machimbo na mitambo ya kuchenjulia kwa sayanaidi marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Kazi ile nayo ni mlinganyo:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4NaAu(CN)₂ + 4NaOH

Dhahabu, ambayo haiogopi maji wala hewa, inayeyuka ikikutana na sayanaidi na oksijeni kwa pamoja. Mlinganyo unaonyesha kwa nini mchanga ule lazima upate hewa: ondoa O₂ na mmenyuko unasimama. Mafundi huongeza chokaa pia, na wengine hawajui sababu, wanasema tu ndivyo tulivyoelekezwa. Sababu ni hii:

CN⁻ + H⁺ → HCN

Maji yakielekea kwenye asidi, sayanaidi inakamata haidrojeni na kuwa gesi inayoua kwa kuvutwa puani. Chokaa huyaweka maji upande wa alkali, haidrojeni hizo zisipatikane, na sumu ibaki ndani ya maji badala ya kupanda hewani. Kijana wa kidato cha nne anayeweza kumweleza kaka yake mlinganyo huu mfupi anaweza kumrudisha nyumbani akiwa hai. Namwomba pia amweleze kwamba maji yale yakishatumika bado ni sumu kwa mifugo, na ng'ombe wetu hunywa popote wanapoona maji.

Sasa lugha. Mtoto wetu amesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, nyumbani pengine anazungumza Kisukuma, na kidato cha kwanza anakutana na kemia kwa Kiingereza. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza na lazima aandike hivyo. Hilo halina mjadala ndani ya chumba cha mtihani. Lakini kufikiri si lazima kuanzie huko. Tangu mwaka 1990 tuna kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwangu imekuwa rafiki wa miaka mingi. Njia ninayowapa wanafunzi ni hii: kabla hujaandika mlinganyo, usimulie. "Asidi inakutana na chokaa, gesi inatoka, chumvi inabaki ndani ya maji." Msimulie jirani yako kwa lugha unayoota nayo ndoto. Ukishindwa kusimulia, hukuuelewa, na Kiingereza hakitakuokoa. Ukiweza, maneno ya Kiingereza yanayohitajika ni machache na yanajirudia kila mwaka. Mlinganyo wenyewe ni lugha ya tatu, na hiyo inasomwa sawasawa Bariadi, Beijing na Berlin.

Juu ya maandalizi ya mtihani nitasema kwa kifupi. Karatasi za miaka iliyopita ni nzuri kwa kujipima, ni mbaya kwa kujifunzia mwanzo. Anayezifungua kabla hajaelewa anakariri majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikionyesha wapi wengi walikosea na kwa nini. Walimu wa kemia, zisomeni, zisiishie kwenye kabati la mkuu wa shule. Mkoa wetu umejijengea jina kwa kambi za kitaaluma, nami naziunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona walimu wa shule tofauti wakiwasaidia watoto wasio wao. Ila kambi ya majuma machache haiwezi kubeba valensi ambazo zilipaswa kushikwa kidato cha pili. Milinganyo mitatu kila siku, kwa mkono, bila kutazama, ikihakikiwa kwa atomu na kwa gramu: kwa mwaka mmoja mwanafunzi ameshasawazisha zaidi ya elfu moja. Sijapata kumwona aliyefanya hivyo akashindwa.

Wazazi, nanyi nina ombi kwenu, na ndilo lililonileta. Mwanenu akirudi jioni, msimwulize tu kama amesoma. Mpeni ganda la yai na siki, au mwonyesheni moto wa mkaa, na mwambieni aeleze kinachoingia na kinachotoka, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, hadi nanyi mridhike. Hamhitaji kujua kemia kumsimamia. Waliosimama kando ya mizani ya pamba walihitaji kujua kusoma namba, na kukataa kuondoka kabla hesabu haijalingana. Na kwenye kikao kijacho cha shule, kabla ya kuzungumzia rangi ya sare, ulizeni bureti ziko ngapi na mtoto wenu ameshika moja lini.